Mama Msindikizaji na Maji ya Padri Kneipp

Mtakatifu Luka anatusimulia kwamba Bikira Maria, alipokwisha kupashwa habari na malaika, aliondoka kwa haraka akapanda milimani kwa jamaa yake Elizabeti, mwanamke mzee ambaye mimba yake ilikuwa ya miezi sita. Akakaa naye miezi mitatu hivi. Injili haisemi alifanya kazi gani huko. Lakini mama zetu hawana haja ya kuelezwa: sita na tatu ni tisa. (Kweli, Luka anataja kurudi kwake Maria kabla ya kutaja kuzaliwa kwa Yoane, na wataalamu wa Biblia wanajadiliana. Mama zetu hawajadiliani.)

Tunaanza na habari hiyo kwa sababu ya neno moja. Luka aliandika Kigiriki, na pale Maria anapomjibu malaika kwamba yeye ni mtumishi wa Bwana, neno lililoandikwa ni «doule», ni kusema mtumishi wa kike, tena hasa mtumwa wa kike. Neno hilohilo, kwa sura yake ya siku hizi, «doula», limekuwa jina la kazi katika Marekani na Ulaya. Doula ni mwanamke anayemsindikiza mwenzake wakati wa mimba, wakati wa uchungu, na siku za kwanza za mtoto. Si mkunga. Hazalishi, hapimi, hachomi sindano. Kazi yake ni kukaa karibu, kushika mkono, kumpa maji, kumsugua mgongo, kumwambia mama maneno ya kumtia nguvu. Na katika inchi hizo jamaa nyingi zinazongoja mtoto zinaunganisha kazi ya doula na namna nyingine ya kutunza mwili, ile inayoitwa naturopathia: kuponya kwa maji, kwa majani, kwa chakula kizuri na kwa mapumziko.

Mtu atasema: mambo hayo tunayajua tangu zamani, bibi zetu waliyafanya, kwa nini tuyasome kama habari mpya? Basi ni kwa sababu hiyo tunataka kusimulia yalivyopotea huko kwa Wazungu, yalivyorudi, na kwa njia gani. Na tutaona kwamba Kanisa lilikuwa na sehemu katika habari hiyo, mara kwa kufunga mlango na mara kwa kuufungua.

PADRI ALIYEJITUPA MTONI

Sebastian Kneipp alizaliwa tarehe 17 Mei 1821 katika kijiji cha Stephansried, upande wa Bavaria, Ujerumani. Baba yake alikuwa mfumaji wa nguo, mtu maskini, na mtoto mwenyewe alifuma pamoja naye. Alitamani sana kuwa padri. Alipokuwa anasoma akashikwa na ugonjwa wa kifua, waganga wakakata tamaa. Ndipo akapata kitabu cha zamani cha mganga Johann Siegmund Hahn juu ya nguvu ya maji baridi. Katika majira ya baridi ya mwaka 1849, akiwa Dillingen, alikwenda mara kadhaa kwenye mto Danube, akajitumbukiza kwa kitambo kidogo tu, akavaa nguo, akarudi mbio nyumbani. Akapona. Sisi hatumshauri msomaji mwenye kifua kikuu afanye vile. Aende akapimwe makohozi, ameze dawa zake mpaka mwisho. Lakini Kneipp alipona, na tangu hapo hakuacha kuamini maji.

Akapewa upadri mwaka 1852. Mwaka 1855 akatumwa Wörishofen kuwa muungamishi wa masista Wadominiko, na wagonjwa wakaanza kumfuata huko. Wengi walikuwa maskini wasio na feza ya kumlipa mganga. Waganga na wauza dawa walikasirika, wakamshitaki. Mwaka 1886 akatoa kitabu chake juu ya kuponya kwa maji, nacho kikachapwa mara makumi na kugeuzwa katika lugha nyingi. Kijiji cha wakulima kikajaa wageni kwa maelfu, wakuu na watu wadogo. Hata Baba Mtakatifu Leo XIII alimwita Roma.

Mafundisho yake yalisimama juu ya mambo matano: maji, majani ya dawa, chakula cha kawaida, kutembeza mwili, na utaratibu wa maisha, ni kusema kazi na mapumziko, sala na usingizi, kila kitu kwa saa yake. Aliandika hata kitabu kizima juu ya kulea watoto. Asubuhi wageni wa mjini walitembea miguu mitupu katika umande wa majani. Walilipa nauli ya treni ili wafanye hivyo. Mama wa vijiji vyetu hufanya bure kila siku wakienda shambani, wala hakuna aliyewaandika katika gazeti.

Kneipp alikufa tarehe 17 Juni 1897. Mwaka mmoja mbele yake, kijana Mjerumani aitwaye Benedict Lust, ambaye aliugua kifua huko Marekani akarudi kuponywa Wörishofen, alikuwa amerudi Marekani kueneza mafundisho ya padri. Mwaka 1901 alifungua shule New York. Mwaka 1902 akanunua kwa mganga John Scheel neno «naturopathia», akalinunua kweli, kama mtu anavyonunua baiskeli. Lust alikamatwa na polisi mara nyingi kwa sababu ya kuponya bila ruhusa. Mwaka 1910 taarifa ya Abraham Flexner juu ya shule za uganga za Marekani ilisababisha shule nyingi dhaifu zifungwe, nazo shule za majani na maji zikafifia. Zikafufuka polepole: chuo kimoja kilianza Portland mwaka 1956, kingine Seattle mwaka 1978, na hiki cha pili kikapewa jina la mganga John Bastyr, ambaye kwa miaka mingi alizalisha mama nyumbani mwao.

Lazima tuseme pia kosa lao. Lust alipiga vita chanjo, na baadhi ya wafuasi wake wameendelea na kosa hilo. Hapo tunaachana nao kabisa. Katika inchi yetu ya Kongo, surua iliyoanza kuenea mwaka 2019 iliua watu zaidi ya 6,000, nao karibu wote walikuwa watoto. Maji ya Padri Kneipp hayazuii surua.

NAMNA MAMA ALIVYOBAKI PEKE YAKE

Sasa turudi kwa mama anayezaa. Zamani huko Ulaya na Marekani, kama kwetu, mwanamke alizaa nyumbani katikati ya wanawake: mama yake, dada, jirani, na mkunga wa kijiji. Mwaka 1900 katika Marekani hata watoto 5 katika 100 hawakufika waliozaliwa hospitali. Kufika mwaka 1939 walikuwa karibu nusu. Kufika mwaka 1955 karibu wote. Katika miaka hamsini tu desturi ya vizazi vyote iligeuka.

Tusidanganyane: mama wengi waliokolewa na mageuzi hayo. Lakini si mara moja, wala si kwa sababu ya hospitali peke yake. Huko Vienna, mwaka 1847, mganga Ignaz Semmelweis aliona kwamba katika chumba walimofanya kazi waganga na wanafunzi wao mama walikufa kwa homa ya uzazi kuliko katika chumba cha wakunga. Katika mwezi wa Aprili wa mwaka ule walikufa 18 katika kila 100. Waganga walitoka kupasua maiti, wakaenda kuzalisha. Semmelweis akawaamuru wanawe mikono kwa maji ya chokaa yenye klorini, na baada ya miezi michache vifo vikashuka mpaka 2 katika 100. Wenzake walimcheka. Ilipita miaka mingi mpaka usafi, na baadaye dawa za kuua vijidudu za miaka ya 1930 na 1940, zikafanya hospitali kuwa mahali pa salama.

Na mara nyumba ilipokuwa safi, ndugu wakaonekana kama uchafu. Wakatolewa nje. Zaidi ya hayo kulikuwa dawa. Waganga wa Freiburg, katika Ujerumani, walianza mwanzoni mwa karne ya 20 kuchanganya morfini na skopolamini ili mama asikumbuke uchungu. Kufika mwaka 1914 wanawake matajiri wa Marekani waliidai dawa hiyo kwa nguvu. Hakika mama hakukumbuka kitu. Lakini dawa ilimfanya apayuke na kujitupa, basi walimfunga kwa mikanda kitandani. Mwaka 1958 gazeti moja kubwa la wanawake wa Marekani lilitangaza barua za mama na wauguzi juu ya ukali waliouona katika vyumba vya kuzalia, na watu wakashituka. Mama alikuwa salama kuliko bibi yake, tena alikuwa peke yake kuliko mwanamke yeyote aliyewahi kuzaa.

Wengine waliona mapema. Grantly Dick-Read, mganga Mwingereza, alisimulia kwamba katika ujana wake alizalisha mwanamke maskini katika Whitechapel, London, mwanamke akaikataa dawa ya usingizi akazaa kwa utulivu, na alipoulizwa akashangaa kwamba wanatazamia aumie. Tangu hapo Dick-Read alifundisha kwamba hofu inakaza mwili, na mwili uliokazwa unaumia. Vitabu vyake vya mwaka 1933 na 1942 vilisomwa sana. Yeye aliamini pia kwamba wanawake wa Afrika wanazaa bila maumivu. Wasomaji wa kike watacheka. Mama zetu wanajua uchungu ni nini, na makaburi ya waliokufa kwa uzazi yako katika kila kijiji. Lakini juu ya hofu, Dick-Read hakukosea.

Katika Ufaransa, mganga Fernand Lamaze alikwenda Urusi mwaka 1951, akaona namna ya kuwafundisha mama kupumua na kulegeza mwili, akaileta katika kliniki ya mafundi wa chuma huko Paris. Pale, karibu na kila mama, alikaa mwanamke aliyefundishwa kumwongoza tangu mwanzo mpaka mwisho. Wakristu wengi walikuwa na mashaka. Je, Kitabu cha Mwanzo hakisemi kwamba mwanamke atazaa kwa uchungu? Tena namna hiyo imetoka kwa wakomunisti! Tarehe 8 Januari 1956 Papa Pius XII aliwajibu waganga waliokusanyika mbele yake. Alieleza kwamba Mungu hakukataza watu kutafuta njia ya kupunguza uchungu wa kuzaa, kama vile hakuwakataza kutumia jembe zuri ili jasho lao lipungue, na kwamba namna hiyo kwa yenyewe haina kosa. Mfano wa jembe ni wetu, lakini maana ni yake: adhabu ya Adamu juu ya kulima haikumfungia mtu kutumia vyombo.

MASISTA NA SHERIA YA 1936

Kabla ya kufika kwetu, kuna jambo ambalo wakristu wengi hawalijui. Kwa muda mrefu masista hawakuwa na ruhusa ya kuzalisha. Waliweza kufunga vidonda, kutoa dawa za homa, kulea yatima. Lakini kumsaidia mwanamke anayezaa, hapana. Desturi na sheria ya Kanisa zilidhani kazi hiyo haifai kwa bikira aliyejitoa kwa Mungu. Fikirini matokeo yake: sista anaishi misioni, mwanamke anakufa nyuma ya ukuta wa misioni kwa kukosa msaada, na sista anasali.

Mmoja aliyekataa kunyamaza ni Anna Dengel, mganga wa Austria, aliyezaliwa mwaka 1892. Mwaka 1920 alikwenda Rawalpindi, mji ambao leo uko katika inchi ya Pakistan. Huko wanawake Waislamu hawakuweza kuonekana na mganga mwanamume, basi walikufa kwa uzazi bila kutazamwa. Mwaka 1925 alianzisha huko Washington shirika la wanawake waganga na wauguzi. Kwa miaka 11 hawakuweza kufanya nadhiri za mbele ya watu wote, kwa sababu ya kazi yao. Mwishowe, tarehe 11 Februari 1936, Roma ilitoa maagizo yaitwayo «Constans ac sedula», yaliyowapa masista wa misioni ruhusa ya kujifunza na kufanya kazi ya uganga na ya kuzalisha, hata ikawahimiza. Sisi tunaona kwamba tarehe hiyo ingestahili kukumbukwa katika kila materniti ya misioni. Mlango ulifungwa kwa nia njema, na kufunguliwa kwake kulingoja mno.

Katika Kongo ya Wabelgi materniti zilijengwa na misioni, na serikali, na makampuni ya migodi kama Union Minière huko Katanga, ambayo tangu miaka ya 1920 ilitaka wafanyakazi wakae na jamaa zao na kupata watoto wazima. Kitanda cha chuma, shuka nyeupe, kipimo cha mtoto. Ilikuwa faida kubwa, hatukatai. Lakini bibi aliyemsindikiza binti yake aliambiwa angoje nje. Akakaa chini ya mti na sufuria yake, akapika, akasikia kilio kwa dirisha. Tuseme kweli: desturi hiyo haijaondoka po pote. Ndugu wasomaji, ni wangapi kati yenu mlizaliwa hivyo, bibi nje na mama ndani?

HABARI ZA GUATEMALA NA BOTSWANA

Neno doula lilianza kutumika kwa maana yake mpya kwa mwanamke Mmarekani, Dana Raphael, mwenye elimu ya desturi za watu. Katika kitabu chake cha mwaka 1973 juu ya kunyonyesha alionyesha kwamba katika kabila nyingi mama mpya hatunzi mtoto peke yake. Yuko mtu wa kumtunza mama mwenyewe. Kwetu Kongo mfano mkubwa ni Waekonda, karibu na ziwa Tumba. Mwanamke aliyezaa mtoto wa kwanza huitwa wale, hurudi kwa mama yake, hukaa kwa muda mrefu akipakwa unga mwekundu wa mti na kulishwa vizuri, hafanyi kazi ngumu, hata mtoto awe na nguvu. Hiyo yote ndiyo Dana Raphael aliyotafuta jina lake.

Kisha waganga wawili wa watoto, Marshall Klaus na John Kennell, wakataka kupima jambo hilo kwa hesabu. Walifanya kazi na wenzao katika hospitali moja ya Guatemala, ambamo mama walizaa bila ndugu. Mama wengine waliachwa katika desturi ile. Wengine walipewa mwanamke wa kukaa nao, mtu wa kawaida asiyekuwa muuguzi, wala hawakumjua mbele. Matokeo yalitangazwa mwaka 1980. Kwa mama wasiopata matata, walioachwa peke yao walikaa kwa wastani masaa 19.3 tangu kuingia mpaka kuzaa. Waliosindikizwa walikaa 8.8. Hata wenyewe walishangaa. Mwaka 1991 wakatangaza habari za Houston, Marekani, za mama 412. Kati ya waliosindikizwa, 8 katika 100 walipasuliwa. Kati ya wengine walikuwa 13 katika 100.

Afrika nayo ilipima. Johannesburg mwaka 1991 G. J. Hofmeyr na wenzake walionyesha kwamba mama waliokuwa na msindikizaji, wiki sita baadaye, 51 katika 100 walikuwa wakinyonyesha bila kuongeza kitu kingine. Wale wengine walikuwa 29. Maneno mema ya usiku mmoja yalifika mpaka ziwani mwa mama baada ya wiki sita! Na Botswana mwaka 1999 walijaribu jambo lililo karibu zaidi na sisi: msindikizaji hakuwa mgeni bali ndugu wa kike wa mama. Mama 91 katika 100 walizaa kwa njia ya kawaida, na wale wa peke yao 71. Basi bibi aliyengoja chini ya mti alikuwa dawa, nao walimwacha nje.

Mwaka 2017 wataalamu walikusanya majaribio 26 ya inchi 17, mama 15,858 kwa jumla, wakaona neno hilohilo: mama anayesindikizwa huzaa kwa njia ya kawaida mara nyingi zaidi, masaa yake hupungua, na kumbukumbu chungu hupungua vilevile. Mwaka uliofuata Shirika la Afya la Ulimwengu likashauri kila mama awe na msindikizaji anayemchagua mwenyewe.

NJIA MBILI ZAKUTANA

Katika Marekani njia ya Kneipp na njia ya doula zilikutana wazi katika mji wa Seattle. Penny Simkin, aliyezaliwa mwaka 1938 akafa mwaka 2024, alikuwa mwalimu wa mama wajawazito, mwenye elimu ya kunyosha viungo. Mwaka 1992 yeye, pamoja na Klaus na mke wake Phyllis, Kennell na Annie Kennedy, walianzisha chama cha doula. Mafundisho yake yakaingia katika chuo cha Bastyr, kile cha naturopathia, na kufika mwaka 2010 shule ya wakunga ya Seattle iliunganishwa na chuo hicho. Chini ya dari moja walikuwa sasa mkunga, mwenye kujua majani, na doula.

Na wanafanya nini pamoja kwa jamaa inayoongezeka? Tukiangalia kwa makini hakuna mambo ya ajabu. Wakati wa mimba: mboga za majani, maharagwe, samaki, usingizi, kutembea, na kwa kichefuchefu cha asubuhi, tangawizi, ambayo Shirika la Afya la Ulimwengu lenyewe liliikubali mwaka 2016. Wakati wa uchungu: kutembea na kusimama badala ya kulala chali, kunywa na kula kidogo, kusuguliwa mgongo, kitambaa cha maji moto kiunoni. Mambo hayo nayo yamo katika maagizo ya mwaka 2018. Baadaye: uji, maziwa ya mama, mtu wa kufua nguo na kushika mtoto mkubwa ili mama alale. Padri Kneipp angetambua kila kitu hapo. Bibi yetu vilevile.

Lakini majani hayafanani na maneno mema, na hapa tunaomba msomaji asome polepole. Mkono juu ya mgongo haujaua mtu. Jani linaweza kuua. Yako majani yanayokaza tumbo la uzazi kwa nguvu. Katika Malawi mama hutumia dawa iitwayo mwanamphepo ili uchungu uharakishwe. Waganga wameona tumbo la uzazi kupasuka baada yake. Katika Uganda kuna emumbwa, udongo uliochanganywa na majani. Wala Wazungu si wenye busara kuliko sisi: wakunga wa Marekani walitumia sana mzizi wa Caulophyllum, waliojifunza kwa wenyeji wa inchi ile, na mwaka 1998 waganga waliandika habari ya mtoto aliyezaliwa na moyo ulioshindwa kabisa kufanya kazi, kwa sababu mama yake aliunywa mzizi huo mwezi mmoja mbele ya kuzaa. Kipimo cha sindano muuguzi anakijua. Kipimo cha chungu cha majani hakijulikani na mtu, hata na mwenye kukipika. Kwa hiyo mama asinywe jani lo lote la kuharakisha uchungu, na kama amekwisha kunywa, aseme. Na muuguzi asimtukane anaposema, maana mama aliyetukanwa atamwonya jirani yake afiche.

Vilevile hatutaki kumpa doula sifa zisizo zake. Hesabu ya taifa ya mwaka 2013-2014 ilionyesha kwamba katika Kongo watoto 80 katika 100 walizaliwa katika nyumba za afya, na hata hivyo mama 846 walikufa kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai. Maana yake mama wanafika, na bado wanakufa. Damu inayotoka baada ya kuzaa haizuiwi na kushikwa mkono. Inazuiwa na sindano ya oksitosini, na na damu ya kuongezwa, na na mtu anayejua. Lakini muuguzi mmoja wa usiku mwenye mama watano hawezi kuona vitanda vyote. Shangazi aliyekaa pale ndiye wa kwanza kuona kitambaa kimelowa, naye ndiye wa kupiga kelele.

Wauguzi wana sababu zao za kukataa, nasi tumezisikia. Nafasi ni ndogo. Ndugu wanakuja sita badala ya mmoja. Wanaona uchi wa mama mwingine. Wanaleta chungu chini ya kitenge. Sababu hizo si za uongo, lakini kila moja ina jibu lake: pazia kati ya vitanda, mtu mmoja tu ambaye jina lake limeandikwa tangu siku ya kupima mimba, kunawa mikono mlangoni kama Semmelweis alivyotaka, na kumfundisha msindikizaji huyo mbele ya siku, pamoja na mama, kitu gani anaweza kuleta na kitu gani kinabaki nyumbani. Mume naye akitaka kukaa, na mama akikubali, na pazia lipo, hatuoni kwa nini afukuzwe.

Tulipotembelea materniti moja ya kijijini, mkunga alituonyesha vyumba vyake, akasema kwamba kwa mwaka mzima amewaacha ndugu waingie, mmoja mmoja. Tukamwuliza anahitaji nini zaidi kwa kazi hiyo. Tulidhani atasema feza au mafundisho. Akasema viti. Bibi wanachoka kusimama, akatueleza, na ikifika saa tisa usiku wanatoka kwenda kukaa nje, wakati uleule mama anapowahitaji. Alikuwa amekwisha kumwagiza seremala wa misioni vigoda vinne, na viwili vilikuwa tayari.